Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafugaji wa Mithuni (ng'ombe wa milimani, nusu wa porini), Wilaya ya Phek, Jimbo la Nagaland, India

Wazee wetu, kina mama, vijana na wanachama wote,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Chumvi iligawiwa, mapito ya msituni yalifyekwa, wajumbe wawili walikwenda kituo cha utafiti wa mithuni kule Jharnapani wakarudi na ushauri na dawa za minyoo, na mlo wa Desemba ulifana. Siku hiyo nilihesabu watu wengi kuliko orodha ya wanachama.

Tuje kwenye uzio wa kufungia mithuni, maana najua ndio uliowaleta.

Inasemwa mitaani kwamba mwenyekiti amekula fedha za dume. Hazikuliwa. Rupia 143,000 tulizoweka akiba kwa ajili ya dume la mbegu zimenunua seng'enge na nguzo na kulipa vibarua, na stakabadhi zote anazo mhazini. Uamuzi ulipitishwa kwenye kikao cha Aprili. Waliitwa wanachama wote 58, wakaja 17. Asiyekuja kikaoni huamuliwa.

Wanaopinga wanasema mithuni ni mnyama wa msitu. Babu zetu walimwachia azurure, wakimtaka wakamwita kwa chumvi. Ni kweli, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Lakini babu zetu walikuwa na msitu. Siku hizi mithuni akishuka bondeni anakuta mpunga wa mtu, na mwenye mpunga ana bunduki. Kwa sensa ya mifugo ya serikali, Nagaland ilikuwa na mithuni zaidi ya 34,000 mwaka 2012. Mwaka 2019 walihesabiwa 23,000 na ushei, huku mithuni wa wenzetu wa jimbo jirani la Arunachal Pradesh wakizidi kuongezeka. Na huyu si nguruwe wa kuzaa kumi kwa mkupuo. Anabeba mimba karibu miezi kumi, anazaa ndama mmoja.

Halafu kuna ugonjwa wa miguu na midomo. Mlimwona yule jike mwenye alama mbili sikioni: mate yanamchuruzika, kwato zimebanduka, ulimi umechubuka hata chumvi kiganjani mwangu alishindwa kuilamba. Daktari wa mifugo alikuja na chanjo, tukakamata saba tu, waliobaki wakapanda mlima. Mnyama asiyeshikika utamchanjaje? Ndani ya uzio watazoea watu, watachanjwa kwa wakati, na dume tukimpata tutajua ndama yupi ni wake. Dume huyo mngemwachia msituni, baada ya miaka michache angewapanda binti zake mwenyewe, na hakuna ambaye angejua. Naomba pia iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wazo la uzio nililileta mimi tangu 2021, nikachekwa.

Ada ni rupia 600 kwa mwaka. Wamelipa 21, wanadaiwa 37, jumla ya deni rupia 22,200, mbali na malimbikizo ya nyuma. Majina ninayo na sitayasoma, ingawa baadhi yao ndio wanaouliza kwa sauti kubwa fedha zimekwenda wapi. Chumvi hununuliwa kwa ada hizo hizo. Mithuni wa asiyelipa hulamba pamoja na wa aliyelipa, na yupo mmoja hulamba kuliko wote; mwenyewe anajijua.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kurefusha uzio hadi kijitoni, kutafuta dume fedha zikipatikana, na kuona kama nyama yetu itapata soko mjini, kwa kuwa mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya India ilimtambua mithuni kuwa mnyama wa kitoweo. Bei na usafiri tutavijua mbele ya safari.

Kupanda miti ya uzio hai upande wa mashariki ni Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza. Kila kaya ilete panga na mtu mmoja, mtu mzima. Mara iliyopita mlituma watoto.

Mwenyekiti