Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu Wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Kamati Tendaji imekutana mara 6, mafunzo ya wanaojitolea yamefanyika mara 3, nyumba za malezi na vituo vya kulala 11 vimetembelewa, na vijana 74 wamefunguliwa akaunti za kumbukumbu zao za afya, zinazofunguliwa kwa simu kwa neno la siri, 29 kati yao wakiwa hawana makazi.

Sasa niseme la neno la siri, maana maneno yamekuwa mengi. Kamati iliamua kwamba kijana akifika miaka 16 yeye ndiye mwenye neno la siri la akaunti yake, na mlezi ataona yale tu aliyoruhusiwa. Wanachama 9 waliandika barua ya kupinga, 4 wakajitoa. Imesemwa nililipitisha peke yangu. Si kweli. Wajumbe 5 kati ya 7 walikubali, na muhtasari uko kwa Katibu. Wazo lilikuwa langu, hilo sikatai, na hata leo ningelileta tena.

Hakuna aliyemfungia mlezi mlango wote. Ukurasa wa dharura, yaani mzio, dawa anazotumia na magonjwa ya kudumu, uko wazi kwa mlezi wa sasa na kwa daktari, kwa sababu mtoto mwenye pumu akibanwa usiku hakuna muda wa kuomba ruhusa. Kilichofungwa ni afya ya akili, afya ya uzazi na majibu ya vipimo vya VVU. Kijana aliyehamishwa nyumba 5 amepita mikononi mwa walezi 5. Kila mmoja akiondoka na neno la siri, hiyo si siri tena. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto, yaani wanaolelewa nje ya uangalizi wa wazazi wao, inataka kumbukumbu zimfuate mtoto muda wote wa malezi hayo, na pia zitunzwe kwa usiri. Sisi tumeshika yote mawili.

Binti mmoja alinijia na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kadi ya chanjo iliyolowa mvua, wino umechuruzika, tarehe hazisomeki. Alikuwa ameshachomwa chanjo ileile mara ya pili kwa kukosa ushahidi. Tukaketi, tukaingiza mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye dawa alizoandikiwa baada ya kufiwa na mama yake, alifunika kioo cha simu kwa kiganja, akaniuliza, "Mama ninayekaa kwake ataiona hii?" Nikamwambia hapana, mpaka wewe utake. Ndipo akaandika. Angejibiwa vingine angeacha pengo, na daktari angemwandikia dawa nyingine bila kujua hiyo.

Kuna kosa tulilofanya, nalo tumelirekebisha. Tulifungamanisha kurejesha neno la siri na laini ya simu. Kijana anayelala nje huibiwa simu, na laini ikikaa muda bila kutumika hupewa mtu mwingine. Vijana 13 walifungiwa nje ya akaunti zao. Nilionya mapema kuhusu jambo hili. Sasa kijana anakuja mwenyewe, anatambuliwa na mhudumu anayemfahamu, anafunguliwa.

Ndugu Wanachama, linaloniuma zaidi ni mahudhurio. Wanachama tuko 118, waliolipa ada ni 43. Mikutano 2 iliahirishwa kwa kukosa akidi, na miongoni mwa walioandika barua zile 9, ni 2 tu waliokuja kujadili. Kuhifadhi kumbukumbu hizi kunalipiwa kila mwezi. Miezi 2 nilitoa mfukoni mwangu ili akaunti zisizimwe.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuzungumza na hospitali nyingi zaidi zikubali kumbukumbu zetu, na kutafuta njia kwa vijana wasio na simu kabisa.

Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Naomba mpite kwake kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti