Kamba za jahazi dogo zifungwe kama za jahazi kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika hivi karibuni kwamba kujenga mifano ya vyombo vya matanga ni burudani ya Wazungu, kwamba haiwezekani kufanyika nyumbani hapa Dar es Salaam bila kuagiza vifaa vya gharama kutoka ng'ambo, na kwamba sehemu ya mwisho ya kazi hiyo, yaani kufunga kamba, huwashinda wengi hadi mfano ukabaki juu ya kabati ukiwa na milingoti mitupu. Katika hilo la mwisho amesema kweli. Katika yale mawili ya kwanza natofautiana naye kabisa, kwa sababu kazi hii naifanya mwenyewe sebuleni kwangu Kigamboni, na karibu kila kinachohitajika nakipata Kariakoo.

Wengi wanaoshindwa huanza na chombo wasichokijua. Hununua, au huletewa zawadi na ndugu aliyeko nje, sanduku la vipande vya mfano wa Cutty Sark, ile merikebu ya kubebea chai iliyoshushwa majini Scotland mwaka 1869 na ambayo leo imehifadhiwa Greenwich, London. Au la HMS Victory, meli ya kivita iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo sasa iko Portsmouth. Hizo ni merikebu za milingoti mitatu, zenye matanga ya mraba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila tanga lina kamba zake za kulipandisha, za kulikunja na za kuligeuza. Cutty Sark peke yake inahesabiwa kuwa na kamba za urefu wa takriban kilomita 18. Hata mtengenezaji wa sanduku akipunguza kamba hizo kwa ajili ya mfano, mjenzi bado anabaki na mamia ya nyuzi za kufunga, nyingi zikiwa na majina ambayo hajapata kuyasikia, huku akifuata mchoro ulioandikwa kwa lugha ya kigeni na asiwe na mtu hata mmoja mtaani kwake wa kumuuliza. Si ajabu akichoka. Sisemi kwamba merikebu hizo hazifai, maana mfano wake ukifungwa vizuri ni kazi ya kuheshimiwa sana. Nasema tu kwamba si pa kuanzia.

Pa kuanzia ni jahazi. Lina mlingoti mmoja mkubwa ulioinamia mbele kidogo (yale makubwa zaidi huongezewa galme, yaani mlingoti mdogo, upande wa nyuma), foromali moja ndefu, yaani mti unaobeba tanga, tanga moja, na kamba ambazo mtu anaweza kuzijua zote kwa majina kwa jioni moja. Henza ndiyo kamba nene inayoipandisha foromali: inaanzia kwenye foromali yenyewe, inapanda hadi kwenye roda, kigurudumu cha kupitishia kamba, iliyo kileleni mwa mlingoti, kisha inashuka kwa nyuma na kukutana na jarari, ambayo hupita kwenye makapi, yaani vipande vya mti vyenye tundu la kupitishia kamba, na kuvutwa na mabaharia wakati wa kutweka, yaani kupandisha tanga. Kwa kuwa jarari hukazwa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, henza hiyohiyo, tanga likishapanda, huuzuia mlingoti usizidi kulala mbele. Kwa hiyo kamba moja inafanya kazi mbili, na aliyeibuni mpango huo zamani alikuwa na akili nyingi. Joshini hushika pembe ya mbele ya tanga, demani hushika pembe ya nyuma, na hamarawi huituliza foromali isiyumbeyumbe. Ubavuni zipo kamba za kuushikilia mlingoti, ambazo katika jahazi hazikazwi pande zote mbili daima kama zile za merikebu za Ulaya, bali mabaharia huzihamishia upande unakotoka upepo kila chombo kinapogeuka.

Sasa tazama mifano ya majahazi inayouzwa kwa wageni na kuwekwa mezani katika mapokezi ya hoteli na ofisi nyingi. Ubao wake mara nyingi umechongwa vizuri, na rangi imepakwa kwa uangalifu. Lakini mlingoti umelazwa nyuma, foromali imepigiliwa msumari kwenye mlingoti, na uzi mmoja umezungushwa kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi kama kamba ya kuanikia nguo, bila kushika chochote wala kuvuta chochote. Mzee mmoja wa Kunduchi, nahodha wa zamani aliyezoea safari za Mafia na Unguja, aliwahi kupewa mfano wa namna hiyo mbele yangu na kijana wa familia yake aliyekuwa ameununua. Aliugeuza mikononi, akaweka kidole kwenye pembe ya nyuma ya tanga, akakifuata kiuzi kile hadi pale kilipogandishwa kwa gundi, kisha akauliza kwa upole: "Mjukuu wangu, upepo ukigeuka, hapa baharia anafungua nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Swali lile ndilo kipimo ninachokitumia kwa kila uzi ninaoufunga, na ningependa kila mwenye nia ya kufanya kazi hii alichukue. Jahazi linapogeuzwa kwa kupokea upepo nyuma, demani hulegezwa, foromali husimamishwa karibu na mlingoti, na tanga pamoja na demani yake huzungushwa kwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Kwa hiyo katika mfano demani ni lazima ipite nje ya zile kamba za ubavuni, iwe na urefu wa kutosha kuzunguka mbele, na ifungwe mahali ambapo mkono wa baharia ungeifikia. Mtu akilijua hilo hahitaji mchoro wa kigeni, kwa kuwa chombo chenyewe kinamwonyesha kila kamba inapotakiwa kwenda.

Kuhusu vifaa, nianze na vipimo, kwa sababu hapo ndipo mifano mingi inapoharibika kabla ya kazi kuanza. Jahazi la mita 15 likijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 50 litakuwa na urefu wa sentimita 30, ambao unakaa vizuri juu ya meza ya kawaida. Kwa kipimo hicho, kamba yenye unene wa sentimita 3 inatakiwa iwe uzi wa milimita 0.6, na kamba ya sentimita 2 iwe uzi wa milimita 0.4. Njia rahisi ya kuupima uzi usio na maandishi ni kuuzungusha kwenye penseli, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha kuhesabu ni mizunguko mingapi inayoingia katika sentimita moja: ikiingia 25, uzi huo una milimita 0.4. Uzi wa cherehani hufaa kwa kamba nyembamba kabisa. Nyuzi mbili au tatu za namna hiyo zikisokotwa pamoja hutoa demani na joshini. Na kwa henza natumia uzi wa mafundi viatu, ule mwembamba. Mtu asitumie uzi mmoja kwa kamba zote, hata kama ni rahisi, kwa maana jicho la mtu aliyewahi kupanda jahazi hugundua mara moja kwamba henza imekuwa nyembamba kuliko inavyostahili.

Uzi wa pamba una manyoya, na manyoya hayo kwa kipimo cha mfano huonekana makubwa kupita kiasi. Dawa yake ni nta ya nyuki. Uzi hubanwa kwa kidole juu ya donge la nta na kuvutwa mara kadhaa mpaka uwe laini, kisha husuguliwa kwa vidole ili joto la mkono liiyeyushe nta na kuiingiza ndani. Kazi hii inachosha vidole na ina thamani kuliko nyingine yoyote katika matayarisho, kwa sababu uzi uliopakwa nta hukaa pale unapowekwa, hushika fundo, na haukusanyi vumbi kwa haraka.

Makapi nayachonga kwa mpingo. Wachonga vinyago wa Mwenge hubakiwa na vipande vidogo visivyowafaa tena, na mpingo kwa kuwa ni mgumu na una chembe zilizoshikana, hukubali kutobolewa tundu dogo sana bila kupasuka, jambo ambalo mti laini haulikubali. Foromali naitengeneza kwa vipande viwili vya mwanzi vilivyounganishwa na kufungwa kwa uzi, maana hata foromali ya kweli mara nyingi huundwa kwa miti miwili iliyounganishwa hivyo. Tanga ni bafta iliyotiwa rangi kidogo kwa maji ya chai, na kingo zake zote zishonewe uzi wa dasi, yaani ile kamba inayozunguka ukingo wa tanga. Zana zilizobaki ni kibano cha nyusi, sindano ya kufumia yenye ndoana ndogo, mkasi mkali, miwani ya kusomea, na taa inayoweza kusogezwa.

Utaratibu wa kufunga ndio unaotenganisha kazi inayokwisha na ile inayoachwa njiani. Kila kinachoweza kufungwa kwenye mlingoti na foromali kifungwe vikiwa bado mezani, kabla ya mlingoti kusimamishwa, kwa sababu kupenyeza kibano kileleni mwa mlingoti uliokwisha kusimama ni kutafuta kuuvunja. Baada ya hapo mtu aanze na kamba zilizo ndani, karibu na mlingoti, aje nje polepole, asije akajifungia njia ya mkono wake. Kamba za ubavuni zifungwe kwa zamu, moja kulia na moja kushoto, huku mlingoti ukitazamwa kwa mbele kila mara, kwa kuwa uzi mwembamba una nguvu ya kutosha kuupinda. Tena mafundo yasikazwe kabisa wala ncha zisikatwe mpaka kamba zote ziwe mahali pake, maana kila kamba mpya inayokazwa huilegeza iliyotangulia.

Gundi ya kushikiza mafundo iwe ile nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, inayowekwa tone dogo kwa ncha ya sindano. Hii huruhusu kurudi nyuma: fundo likilowanishwa, hufunguka. Supa gluu huufanya uzi uwe mgumu na mwepesi wa kukatika, na mara nyingi huacha ukungu mweupe juu ya mti, ambao juu ya mpingo unaonekana vibaya sana. Kamba isiyokazwa, kama ncha ya demani inayoning'inia, haitashuka yenyewe kwa kuwa uzi hauna uzito. Nailowesha kwa gundi hiyo nyepesi, naitundikia kibanio kidogo, na kuiacha ikauke ikiwa katika umbo la kamba nzito.

Sisi wa pwani tuna jambo moja ambalo vitabu vya wenzetu havilitilii maanani. Uzi wa pamba hunywa unyevu, na ukiunywa hujikaza. Mfano uliofungwa ukakazwa sana wakati wa kiangazi unaweza kupindwa mlingoti masika inapoingia. Kwa hiyo zile kamba zinazoushikilia mlingoti nazitengeneza kwa uzi wa poliesta, ambao haujali unyevu, na kung'aa kwake nakupunguza kwa nta. Pamba naiacha kwa kamba za tanga, ambazo zinapendeza zikilegea kidogo. Sanduku la kioo ni la lazima kwa yeyote anayekaa karibu na bahari.

Huenda msomaji mwenzetu akauliza haya yote yana faida gani wakati majahazi mengi sasa yamefungwa mashine. Namwomba afikirie habari ya mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, na kilichosafiri kwa tanga la mkeka. Mtepe ulitoweka baharini mwanzoni mwa karne iliyopita, na wale waliotaka baadaye kuujua jinsi ulivyojengwa na kufungwa wamelazimika kutegemea picha, maelezo, na mifano midogo iliyohifadhiwa makumbushoni. Mtepe uliojengwa upya ulikuwa ukionyeshwa katika Beit al-Ajaib kule Unguja, jengo ambalo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo mfano mdogo, ukiwa na kamba za kweli, ni ushahidi. Na mfano wenye kamba za uongo ni ushahidi wa uongo, ambao mtafiti wa miaka 100 ijayo atauamini kwa kuwa hatakuwa na wa kumsahihisha. Leo wasahihishaji bado tunao. Wapo Kunduchi, wapo Mbweni, wapo Bagamoyo, na wengi wao ni wazee sana.

Naomba mambo mawili. Kwanza, Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ingefanya jambo jema kuwaalika manahodha hao wakutane na mafundi wanaochonga mifano, ili kamba zifungwe mbele yao na majina yake yaandikwe kando. Pili, nakuomba wewe Mhariri utenge nafasi katika moja ya matoleo yajayo kwa ajili ya mchoro wa jahazi wenye majina ya kamba zote na mahali zinapofungwa, ili kijana anayetaka kuanza awe na kitu cha kufuata kwa lugha yake. Mchoro huo niko tayari kuuchora mwenyewe, kuupeleka Kunduchi ukaguliwe na wazee, na kuuleta ofisini kwako bila malipo yoyote.

Wako katika kazi,
Mjenzi wa mifano ya majahazi,
Kigamboni, Dar es Salaam