Mkutano wa Jumamosi: barua za kuomba tathmini

Ndugu wazazi, salamu kwenu nyote.

Tutakutana kwa video Jumamosi hii, saa 4:00 asubuhi, tuandike pamoja barua za kuiomba halmashauri itathmini mahitaji maalumu ya elimu ya watoto wetu. Kwa sheria ya England ya mwaka 2014, mzazi anaweza kuomba mwenyewe bila kungoja shule, na halmashauri hulazimika kujibu ndani ya wiki 6. Kwa hiyo tunzeni ushahidi wa tarehe ya kutuma, maana wengi wetu tumeumia hapo.

Andaeni:
1. Ripoti za shule.
2. Barua zote za halmashauri. Aliyekataliwa anijulishe leo, kwani muda wa kukata rufaa ni miezi 2 tu tangu tarehe ya barua ya uamuzi.

Tafadhali thibitisheni kuhudhuria kabla ya Alhamisi jioni.