Kabla hujaacha kazi, shoga yangu

Dublin, 24 Januari 2024

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Ujumbe wako wa sauti niliusikilizia ndani ya basi, nikacheka mpaka jirani akanigeukia. Wewe, unataka kuwa kuruta wa polisi wa Ireland! Ila umeniuliza habari za hela, basi nikaona hili nikuandikie vizuri.

La umri limeisha. Kikomo kilikuwa miaka 35, sasa wamekisogeza hadi 50, kwa hiyo una haki kama mwingine yeyote. Tatizo liko kwenye mfuko.

Pale Templemore, kwenye chuo cha polisi, kuruta halipwi mshahara, mwaka huu wa 2024 anapewa posho ya yuro 305 kwa wiki. Chakula na malazi ni juu yao. Na hiyo 305 ni neema ya juzijuzi tu, maana hadi mwaka jana, 2023, ilikuwa 184, tangu walipoanza tena kuchukua makuruta mwaka 2014 baada ya miaka ya ukata. Hebu fikiria: mwaka jana mtu asiye na kazi alikuwa anapewa 220 kwa wiki, na huyu anayekimbizwa asubuhi na kukaririshwa sheria mchana anaambulia 184! Halafu wakubwa wakawa wanashangaa vijana hawajitokezi.

Sasa iweke hiyo 305 kando ya unachopata wewe. Kima cha chini cha mshahara mwaka huu wa 2024 ni yuro 12.70 kwa saa. Kwa saa 39 unapata kama 495 kabla ya makato, na wewe na zamu zako za usiku kwa wale wazee unapita hapo. Pengo ni 190 kwa wiki, tena kwa uchache. Mafunzo ya mwanzo, kabla ya kiapo, ni wiki 36. Nimepiga hesabu mara mbili, inakaribia yuro 7,000. Chuo kitakulisha wewe, shoga yangu, lakini mwenye nyumba wako wa Limerick hakimjui.

Mdogo wangu yuko huko, unajua. Hana mke, hana mtoto, na kwangu halipi kodi. Ijumaa anaingia na begi la mashati, anatandaza gazeti jikoni, anapaka buti kiwi mpaka nyumba nzima inanuka. Hela anayo ya kumtosha yeye. Lakini darasani kwao wapo watu wazima walioacha kazi za maana, wenye mikopo ya nyumba, na anasema hao ndio utawakuta usiku wanahesabu badala ya kusoma.

Sikukatishi tamaa. Siku ya kiapo mshahara unaanza, zaidi ya 30,000 kwa mwaka, na usiku na Jumapili vina nyongeza yake. Ukiendelea hadi mwisho unatoka na digrii ya Chuo Kikuu cha Limerick. Mimi ningekuwa na mbio kama zako ningeomba leo.

Omba basi, kuomba hakuna gharama. Ila barua ya kuacha kazi usiiguse. Kuna mtihani wa mtandaoni, usaili, mbio na pushapu, daktari, halafu upekuzi wa maisha yako ya nyuma, na sisi tulioishi nchi zaidi ya moja upekuzi wetu hauishi leo wala kesho. Huo muda wote endelea na zamu zako, na kila mwezi tenga kitu pembeni cha kuziba hilo pengo. Mwulize na meneja wako kama anaweza kukupa likizo bila malipo, akikataa hujapoteza kitu. Na shemeji mkalishe chini: nani atawaamsha watoto Jumatatu hadi Ijumaa wewe ukiwa huko chuoni Tipperary? Msikubaliane kwa "tutaona".

Nipigie Jumapili mchana, kabla mdogo wangu hajaondoka kurudi chuoni. Umuulize mwenyewe, mimi ananificha mengi.

Wako,
Mwanahawa