Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wenye Nyumba na Wakazi wa Mkomani, Lamu

Bismillahi. Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana, assalamu alaykum.

Taarifa hii naileta kwa maandishi kwa sababu mkutano mkuu umekosa akidi mara mbili, na katiba yetu inataka kila mwanachama aipate kabla mwaka haujatoka. Mara ya kwanza ilisingiziwa mvua. Mara ya pili hakukuwa na mvua.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mifereji ilizibuliwa kabla ya masika. Taa za vichochoroni zilizoungua zimebadilishwa, isipokuwa moja ambayo fundi anatudai. Wageni wa Maulidi walipokewa kama ilivyo desturi. Jaa lililokuwa likitutia aibu limeondolewa baada ya mimi mwenyewe kwenda ofisi za kaunti hadi walinzi wakanizoea. Ugomvi wa punda wanaofungwa kwenye madaka, yaani vibaraza vya milangoni mwa watu, ulimalizwa kwa mazungumzo. Sitaki kuwachosha.

Linalosemwa barazani ni jambo moja, nami nitalisema waziwazi: ile nyumba.

Kwa walioko Mombasa na Ghuba ambao wamesikia nusunusu, mwanachama mwenzetu alipata mnunuzi wa nyumba ya marehemu baba yake, nyumba ya mawe ya ghorofa yenye wikio, yaani daraja la chumba linalovuka juu ya kichochoro. Mnunuzi ni mgeni, mtu wa heshima kwa nilivyomwona, na bei yake ilikuwa nzuri. Wakili wake akaomba barua ya umoja wetu kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenyewe na nyumba haina mgogoro. Kamati ikakataa kuitoa. Mnunuzi akajitoa, pesa zake akazipeleka kijiji jirani cha Shela. Masika yalipokolea, ukuta wa upande wa kichochoro ukaanguka usiku, alhamdulillahi bila kumuumiza mtu, na tangu siku ile naitwa mvunja nyumba. Mzee mmoja ninayemheshimu alinitolea methali ya ufa na ukuta mbele ya watu, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Karatasi tulizoziona ni hizi. Hati ya nyumba ile ni ya zamani, katika zile zilizotokana na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, na jina lililomo ni la marehemu. Marehemu, ambaye mkewe alimtangulia, ameacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Mirathi haijapita kwa Kadhi. Hesabu yake hata mtoto wa madrasa anaijua: mafungu matano, mwanamume mawili, kila binti moja. Maana yake ndugu yetu alikuwa na mawili na alikuwa akiuza matano. Dada mmoja yuko Malindi, wa pili yuko Jeddah, na wa tatu anaishi mumo humo. Huyu wa mumo humo habari za mauzo alizipata kwa dalali, aliyeingia na utepe wa kupimia akamwomba asogeze ungo wa mchele ili apime chumba. Dalali huyohuyo ndiye aliyeniapia kwamba warithi wote wameridhia. Nilipomuuliza wako wangapi, akanitazama.

Sasa niambieni, barua ile ningeiandika vipi? Hati ikiwa kwa jina la marehemu, hakuna mtoto awezaye kutia saini ya kuhamisha mpaka mirathi itimie. Na hata ingetimia wakaandikwa wote wanne, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema mwenye fungu katika mali ya shirika haliuzi kwa mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa wenzake nao hawana ruhusa ya kuikatalia bure. Mnunuzi angelipa, angetengeneza, kisha dada wa Jeddah angerudi na wakili. Nyumba ingefungwa kufuli kwa kesi ya miaka, na mashahidi tungekuwa sisi tulioandika barua.

Wapo waliosema kamati ilitaka kumpa jirani nafasi ya kununua kwa shufaa, yaani haki ya kutangulizwa kununua. Jamani. Sisi ni Mashafii, watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu shufaa ni ya mshirika wala si ya jirani. Kama kuna wenye shufaa pale ni hao dada watatu. Imesemwa pia kwamba shemeji yangu aliitaka nyumba ile. Shemeji yangu aliuliza bei, hilo silikanushi, akatajiwa, akaenda zake. Kuuliza bei hapa Amu hakujawa dhambi.

Na ukuta haukuangushwa na barua. Asubuhi yake nilikwenda na mwashi, kwa gharama yangu, tukaukagua kifusi. Ukuta wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka. Ukuta ule ulikuwa umepigwa plasta ya saruji miaka mingi nyuma. Nje ulionekana mkavu na safi, ndani umelowa na chumvi imejaa. Mwashi alichomoa kichwa cha boriti iliyobaki juu, kile kipande kinachokaa ndani ya ukuta, kikamong'onyoka mkononi mwake kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Boriti haiozi hivyo kwa masika moja. Kodi ya vyumba vya juu ilikuwa ikipokewa muda wote huo. Aliyekuwa akiipokea anajijua, na kwenye daftari letu la ada jina lake lina duara nyekundu.

Kamati basi imepitisha utaratibu, na najua ndio unaopigiwa kelele zaidi. Kuanzia sasa mwanachama anayetaka barua ya kuuza au kununua ataleta kwanza matokeo ya upekuzi wa hati kutoka ofisi ya ardhi, orodha ya warithi iliyopita kwa Kadhi ikiwa mali ni ya urithi, na majirani wanaoshirikiana naye ukuta au wikio watajulishwa. Kujulishwa, sikusema kuombwa ruhusa. Mwenye chumba cha juu ya wikio hamiliki njia iliyo chini yake, na tumeshaona mnunuzi aliyetaka kuitia lango.

Mnunuzi naye tutamweleza mapema, maana madalali hawamwelezi. Kama si raia, Katiba ya 2010 haimpi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, hata kama mkataba wake umeandikwa milele. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani na ni juu yake yeye. Muuzaji ana kodi yake ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, na hapo ndipo watu huanza kutaka kuandika bei mbili, ya kweli na ya kuionyesha serikali. Kamati haitashuhudia bei mbili. Mji wetu ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 1986 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa hiyo kuongeza ghorofa au kubomoa ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kunahitaji kibali cha Makumbusho ya Taifa. Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuweka bwawa la kuogelea darini. Nilimwonyesha upana wa chumba chake, ambao hauvuki urefu wa boriti, nikamwambia boriti zile zilikatwa kubeba dari na watu, hazikukatwa kubeba bahari.

Azingatie pia kwamba kila mfuko wa chokaa utafika kwa punda, kwa hiyo bei ya fundi wa Nairobi aliyopewa kwa simu aisahau. Tena anaponunua nyumba ya Mkomani ananunua na shimo la choo la jirani lililo karibu na kisima chake. Ndiyo maana sote tunategemea maji ya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na ndiyo maana sifurahii ninapoona majumba yakipanda kuelekea kwenye vilima vile, ingawa Shela ina wazee wake, na mimi si mwenyekiti wao.

Wako wanaosema utaratibu huu utawafukuza wanunuzi na nyumba zitaendelea kuanguka. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Ni kweli kuna nyumba humu zilizookolewa na wageni wenye pesa, zikarudishiwa plasta ya chokaa na milango ya nakshi, wakati sisi wenyewe tulikuwa tukigombania mafungu. Lakini mnunuzi aliye makini huitaka hati safi kuliko sisi. Anayekimbia kwa kuulizwa warithi ni heri akimbie mapema.

Nije kwenye fedha. Ada za mwaka pamoja na mchango wa mifereji na pesa zilizobaki za futari zimefika kama shilingi 118,000. Zimetumika kama 131,000 kwa usafi, taa, mapokezi, usafiri na mengineyo. Pengo nimelibeba mimi, na sikuliandika kama deni kwa sababu sikutaka maneno. Hesabu kamili anazo mweka hazina, ambaye amesafiri. Waliolipa ada hawafiki nusu, na wengi wao wako ng'ambo. Waliopo hapa, ambao taka zao zinazozolewa kila wiki, ndio wenye maelezo mengi. Wanaodai kamati ijiuzulu ni kumi na wawili, na kati yao walio na risiti ni watatu. Nilihesabu.

Mahudhurio sina la kuongeza. Kikao kilichokuwa na pilau kilijaa mpaka barazani. Kikao cha kujadili utaratibu huu huu tulikuwa saba, mmoja wetu akiwa amelala. Waliokosa kikao hicho ndio wanaoniuliza leo nani aliwashauri.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, inshallah, kukaa na watu wa Makumbusho juu ya nyumba zilizo hatarini, kuwa na orodha ya mafundi wanaojua chokaa, na ikiwezekana kuanzisha mfuko mdogo wa matengenezo. Tutaona uwezo. Nyumba ile yenyewe, dada wa Malindi amekuja na faili liko kwa Kadhi. Kichochoro kimeegemezwa kwa magogo, na wenye punda wapite upande wa pili mpaka watakapoambiwa vingine.

Uchaguzi utafanyika mkutano ukipata akidi. Fomu ziko kwa katibu, na hapewi asiye na risiti.

Mwenyekiti