Hamisi, hapa hatulipwi kwa kukaa

Leicester, Uingereza, 14 Oktoba 2025

Hamisi ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu ndani ya basi. Eti "huko serikali inawalipa mkae"! Neno hilo limetoka baraza la kahawa, Ngamiani, na aliyelisema namjua.

Hela ipo, sikufichi. Inaitwa Universal Credit, sisi tunasema benefiti tu. Nilipoiomba nilikaa wiki tano bila kuona senti, na ndio utaratibu wenyewe, si kwamba nilionewa. Ukishindwa kungoja wanakupa ya mwanzo, kumbe ni mkopo, wanaukata kidogo kidogo kila mwezi. Vipi kikundi chenu, mmepata mkopo wa ile asilimia nne ya mapato ambayo halmashauri inawatengea vijana? Wenu hauna riba, wangu nao hauna riba, ila wenu utanunua bodaboda. Wangu ulinunua mchele.

Napata pauni 316.98 kwa mwezi. Mwenye miaka 25 anapata 400.14. Mimi nina 24. Nikamuuliza mama anayenisimamia pale ofisini kama mkate wa mtu wa miaka 24 unauzwa rahisi. Alicheka, halafu akarudi kwenye kompyuta yake.

Na kazi ya kutafuta kazi ni kazi kweli. Nimetia saini kwamba nitatafuta saa 35 kwa wiki, na kila ninachofanya nakiandika mtandaoni, yule mama anakisoma. Mwezi wa nane basi lilikwama, nikafika nimechelewa robo saa, wakanikata hela ya siku kadhaa. Tangu hapo natoka nyumbani mapema mno, nakaa nje ya mlango na wenzangu, kila mtu na simu yake. Mmoja ana digrii ya uhasibu. Nchi nzima vijana wa miaka 16 hadi 24 wasio kazini wala masomoni wanakaribia milioni moja, kwa hiyo usiniambie uvivu.

Jana nimejaza maombi manne. Ghala moja la nguo linataka uzoefu wa miezi sita wa kubeba na kupanga maboksi. Maboksi, Hamisi! Mimi na wewe tumepakia machungwa ya Muheza kwenye malori likizo ngapi, mpaka mabega yakachubuka? Nilitaka kuandika, nikaona haya, nikafuta. Usiku nikarudi nikaandika: "Upakiaji wa matunda, Tanga, misimu minne."

Sasa wanataka mtu wa kuthibitisha. Mjomba wako bado ana ile stoo? Nitumie namba yake kabla ya Ijumaa, na umwambie akipigiwa simu ya ng'ambo apokee, asidhani ni matapeli.

Nisalimie mama.

Ndugu yako,
Salim