Ulimuuliza kabla au baada?

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nje kwa kigoda nachambua mchele, na mchele wenyewe nusu ni mawe. Unasema Mungu amefungua mlango wa Saudia na tikiti imetoka, tumshukuru. Sawa. Mimi nina swali moja tu na nitaliuliza mpaka unijibu: ulimuuliza kabla au baada?

Maana ile jinzi uliyoacha hapa niliifua. Mfukoni nikatoa karatasi ya medikali, imelowa pembeni lakini tarehe inasomeka, tarehe 4. Sisi ulitupigia tarehe 19 tufunge tutafute mapenzi ya Mungu juu ya safari. Wamama wa kanisa walifunga siku tatu, hata yule mzee mwenye ugonjwa wa sukari, nilimkataza akakataa, ilibidi nimpelekee uji saa nane kwa nguvu. Kumbe wanaombea kitu ambacho wewe ushatoa damu ushapigwa eksrei! Sijawaambia. Nitaanzia wapi?

Usinielewe vibaya, sisemi kwenda kyeyo, kutafuta kazi nje, ni dhambi. Watu wamejenga, watu wamesomesha, tunawaona hapa Malaba. Na mshahara wako wa kufundisha nasari ninaujua, laki mbili na nusu yenyewe inakuja ikiwa imechelewa. Hata Nehemia alimwendea mfalme wa watu wengine akaomba ruhusa, akaomba na barua za maliwali apitishwe njiani, sisi watu wa mpaka tunaelewa mambo ya makaratasi. Lakini angalia miezi yake. Habari za Yerusalemu kubomoka alizipata mwezi wa Kisleu, kwa mfalme akafungua mdomo mwezi wa Nisani, hapo katikati ni kama miezi minne analia na kufunga, ndio barua zikafuata. Yako imeanza na barua.

Wewe mimi nakuona kwa wale Wayahudi wa Yeremia 42. Walishaamua Misri, wako njiani tayari wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, ndio wanamwendea nabii ati tuombee, liwe jema liwe baya tutatii. Jibu likachukua siku kumi. Likaja, kaeni hapa hapa. Unajua walimwambia nini? Unasema uongo. Wakaenda Misri, na yeye wakambeba. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi kuliko Saudia yenyewe. Kama Mungu angekuambia hapana tarehe 20, ungesikia? Au ungesema ni mama ana woga?

Woga ninao, sikatai. Mwaka 2016 serikali yetu ya Uganda ilisimamisha wasichana wa kazi za nyumbani kwenda huko kwa sababu ya mateso, baadaye wakaelewana tena wakafungua, na redioni bado nasikia mambo. Basi, nakala ya kontrakti uniachie mimi, usiache kwa kampuni peke yake. Namba ya ubalozi wetu wa Riyadh iandike kwa daftari na uishike kwa kichwa, simu inaweza kuchukuliwa. Na huko hakuna kanisa, mwanangu, hata moja. Wewe ambaye Jumapili ukikosa kwaya unashinda umenuna, miaka miwili utaimbia wapi, jikoni kwa watu? Hilo nalo ulimuuliza?

Paspoti umejilipia mwenyewe, hiyo nimewatangazia watu wote sokoni mpaka wamechoka na mimi. Godoro la mdogo wako pia. Una kichwa kigumu lakini una mkono wa kutoa, na hicho kichwa usimsingizie baba yako, najua ulikokitoa.

Najua utasema, mama na wewe je. Ule mwaka umemaliza Senior 4 nikasimama mbele ya watu nikasema Mungu amenionyesha ualimu. Nilikuwa nimeshaongea na shangazi yako, chuo kiko karibu na kwake, utalala pale bure, hosteli hatulipi. Hesabu ilitangulia. Sasa basi. Nafaka yetu ya wimbi bado haijakauka, tunaanika asubuhi, saa nane mvua, tunakimbia na maturubai, na yule kuku mweusi ametotoa kumi na moja lakini mwewe ameshachukua wawili.

Bado hujachelewa, ndege si ni baada ya wiki tatu? Siku kumi ziko. Usiombe tena ati Bwana bariki safari, omba niende au nisiende, na wakati unaomba hiyo tikiti mpe dada yako akae nayo, isiwe mkononi mwako. Akisema nenda, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka Entebbe, nitakopa nauli. Akisema kaa, pesa ya medikali imeenda, imeenda, tumeshapoteza kubwa zaidi hapa nyumbani na hatukufa. Lakini jibu la kweli, si lile unaloniletea mimi ili ninyamaze.

Na pia unijibu lile la kabla au baada, hata kwa meseji, sitapiga kelele.

Ijumaa ukija panda gari ya mapema, ukifika giza usichukue boda usiyemjua, nipigie nimtume jirani. Lete mafuta ya kupika lita tatu, ya hapa yamepanda, na urudishe ile sufuria kubwa ya shangazi yako maana ameiulizia mara mbili na mimi najifanya sisikii. Karatasi yako iko kwa Biblia yangu, imekauka.

Mama yako